Macho ya Njiani: Faragha na Kutojulikana Katika Kuperuzi Intaneti

Ukurasa wa tovuti unapofunguliwa kwenye simu, ombi la kuufungua hupita mikono mingi kabla jibu halijarudi. Kivinjari huliandaa, simu hulirusha kwenye ruta au mnara, kampuni ya simu hulisukuma kwenye njia kuu za intaneti, na seva ya tovuti hulipokea, mara nyingi pamoja na kampuni za matangazo zilizojibanza pembeni yake. Kila mmoja wa hao huona kipande. Faragha ni swali la nani anaona kipande gani. Kutojulikana ni swali jingine: je, anayekiona anaweza kusema kuwa ni cha fulani bin fulani?

Mteja wa benki ana faragha ingawa anajulikana, kwa kuwa benki ina jina lake, picha yake na sahihi yake, lakini aliye njiani hasomi salio lake. Anayeandika hadharani kwa jina la kupanga yuko kinyume: anasomwa na kila mtu, ila hafahamiki ni nani. Wengi huyachanganya mambo haya mawili, wakatafuta zana ya kuwapa la kwanza huku wakidhani wamepata na la pili.

Mtoa huduma anaona nini

Kila kifaa kinachoingia mtandaoni huhitaji anwani ya IP ili majibu yajue pa kurudi. Mfumo wa zamani wa anwani hizo, IPv4, una nafasi zipatazo bilioni 4.3 tu, pungufu kuliko vifaa vilivyopo duniani, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Tovuti inayofunguliwa kwa bando huona anwani hiyo ya pamoja, ikakisia nchi na pengine mji. Hilo huwapa watu utulivu usio na msingi. Kampuni yenyewe ina uwezo wa kujua ni laini ipi iliyokuwa nyuma ya anwani hiyo dakika ile, na laini ina mwenyewe. Tanzania husajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Kenya na Uganda nazo hudai kitambulisho. Miongozo mingi ya faragha inayosambaa iliandikwa kwa ajili ya nchi ambako mtu huweza kununua laini dukani bila kuulizwa jina. Msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kuanzia pengine: mtoa huduma wake anamjua.

Kinachobaki ni kupima anachokiona. Zamani kurasa nyingi zilisafiri wazi, na yeyote aliyekaa njiani aliweza kuzisoma neno kwa neno. Leo tovuti nyingi hutumia HTTPS, utaratibu unaoyasimba maandishi yasisomeke bila ufunguo. Moja ya sababu za mageuzi hayo ni mradi wa Let's Encrypt, ambao Desemba 2015 ulianza kuipa kila tovuti cheti cha bure, jambo ambalo awali lilikuwa la kulipia. Hali ya sasa ni kama ile ya mzigo uliotumwa kwa basi: kondakta anaona jina na namba ya simu iliyoandikwa juu kwa wino mzito, anajua umepakiwa wapi na utashushwa wapi, anaweza hata kukisia uzito wake, lakini hajui ndani kuna nini. Kampuni ya simu huona jina la tovuti, saa na kiasi cha data. Haioni ukurasa uliosomwa wala maneno yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia.

Ila jina peke yake laweza kutosha. Anayefungua saa saba usiku tovuti ya ushauri wa virusi vya UKIMWI, au ya wakili wa talaka, amekwishasema mengi bila kufungua kinywa. Jina hilo huvuja katika sehemu mbili. Ya kwanza ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Kwa kawaida swali la DNS hupelekwa kwa kampuni ya simu yenyewe, likiwa wazi. Tangu 2016 upo utaratibu wa kulisimba, na simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha katika mipangilio ya mtandao. Ya pili ni salamu ya mwanzo ambayo kivinjari huitumia seva kabla usimbaji haujaanza: jina la tovuti limo humo pia, na mbinu ya kulifunika bado haijaenea kwenye tovuti zote. Anayewasha DNS ya faragha ameziba tundu moja kati ya mawili. Tena swali lake halikupotea, limehamia kwa kampuni nyingine, kama Google au Cloudflare. Kuhama huku kwa imani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine ndiko kunakojirudia katika zana karibu zote za faragha, na kila tangazo la zana hizo hukunyamazia.

Waifai ya hoteli, ya mgahawa au ya chuo humpa mwenye ruta nafasi ileile aliyo nayo kampuni ya simu. Kompyuta ya ofisi ni jambo kubwa zaidi, kwani mwajiri anaweza kuweka ndani yake programu inayosoma kila kitu, HTTPS ikiwemo. Mambo ya binafsi hayafai kufanyiwa hapo. Kwenye intaneti kafe, hatari ya kawaida ni akaunti iliyoachwa wazi na nenosiri ambalo kivinjari kimelikariri.

Kisha kuna suala la kubana bando. Kivinjari cha Opera Mini kilipendwa Afrika kwa sababu hupunguza data, na katika hali yake ya kubana zaidi kazi hiyo hufanyika kwenye seva za Opera: ukurasa hufika huko kwanza, hupunguzwa, ndipo hurudishwa kwenye simu. Seva haiwezi kupunguza isichokisoma. Kwa habari za mpira hilo halina neno, ila kwa akaunti ya benki ni afadhali kuiacha.

Tovuti na wanaoandamana nayo

Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni vidakuzi: vipande vidogo vya maandishi ambavyo tovuti huviacha ndani ya kivinjari ili ikumbuke mgeni wake. Bila hivyo duka la mtandaoni lingesahau bidhaa iliyowekwa kapuni mara tu mteja anapogeukia ukurasa mwingine. Shida haikuwa kidakuzi cha tovuti iliyotembelewa. Ilikuja pale ukurasa mmoja wa habari ulipoanza kubeba vipande kutoka kampuni nyingi za matangazo, kila moja ikiacha kidakuzi chake. Kampuni ambayo matangazo yake yamo kwenye tovuti ya habari, ya mapishi, ya ajira na ya dawa humtambua mtu yuleyule kote huko, na huunganisha. Nafasi ya tangazo mara nyingi hupigwa mnada ukurasa ungali unafunguka, na taarifa za msomaji hupelekwa kwa wanunuzi wengi, pamoja na wale watakaoshindwa mnada.

Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kilizuia vidakuzi vyote vya watu wa pembeni Machi 2020. Firefox ilivitenga kila kimoja katika chumba chake kuanzia 2022. Google nayo iliahidi Januari 2020 kwamba Chrome ingeviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Haishangazi, maana mwenye kivinjari hicho ndiye muuza matangazo. Chrome hata hivyo ina swichi ya kuvizuia ndani ya mipangilio yake, na wengi wanaoitumia hawajawahi kuigusa.

Kuzuia vidakuzi hakumalizi kazi, kwa sababu kivinjari hutambulika hata kikiwa mikono mitupu. Kila kinapofungua ukurasa huweza kueleza toleo lake, lugha, saa za eneo, ukubwa wa kioo, aina za maandishi kilizo nazo na namna kinavyochora michoro. Sifa hizo zikikusanywa pamoja hufanya alama inayokaribia kuwa ya kipekee. Mwaka 2010 Peter Eckersley wa shirika la Electronic Frontier Foundation alipima vivinjari vipatavyo 470,000 akakuta asilimia 83.6 havifanani na kingine chochote katika kundi hilo. Waliopimwa, ni kweli, walikuwa watu wanaojali faragha, ambao huwa na mipangilio ya ajabuajabu. Watafiti waliotumia tovuti ya kawaida ya Ufaransa na alama zaidi ya milioni mbili walipata mwaka 2018 kwamba theluthi moja tu ndizo zilizokuwa za kipekee, na kwa simu idadi ilikuwa chini zaidi, kwani simu za toleo moja hufanana. Funzo lake linakera kidogo: anayerundika programu-jalizi nyingi za kujikinga hujitofautisha na umati. Kizuia matangazo kimoja kizuri, kama uBlock Origin ambacho Firefox ya Android hukikubali, chatosha.

Yote haya huwa madogo mbele ya akaunti. Aliyeingia kwa jina lake kwenye Google au Facebook, kisha akaendelea kuperuzi katika kivinjari hichohicho, hahitaji kutambuliwa kwa hila, amejitambulisha mwenyewe. Njia nyepesi ni kutenga vivinjari viwili: kimoja cha akaunti, kingine cha kusoma na kutafuta bila kuingia popote. Simu nayo ina namba ya matangazo inayosomwa na programu zilizomo. Kwenye Android 12 na kuendelea namba hiyo inaweza kufutwa, na kwenye iPhone, tangu toleo la 14.5 la Aprili 2021, programu hulazimika kuomba ruhusa kwanza.

Hali Fiche ya Chrome, pamoja na madirisha ya faragha ya vivinjari vingine, imeeleweka vibaya kuliko zana nyingine yoyote. Hufuta historia na vidakuzi ndani ya kifaa dirisha linapofungwa, basi. Tovuti, kampuni ya simu na mwenye waifai huendelea kuona kama kawaida. Kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020 kuhusu jambo hili iliishia kwenye makubaliano yaliyowasilishwa mahakamani Aprili 2024, Google ikikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu za kuperuzi. Lakini haifai kuidharau Hali Fiche. Katika nyumba ambamo simu moja hutumiwa na watu kadhaa, mchunguzi wa kwanza ni anayejua namba ya siri ya simu: mwenza, kaka, mzazi, mwenye chumba. Mwanamke anayetafuta namba ya kituo cha msaada wa ukatili wa kijinsia anamwogopa mtu aliyelala chumba cha pili, na dirisha hilo ndilo linalomfaa.

VPN na Tor

VPN huchimba njia iliyosimbwa kutoka kwenye simu hadi seva ya kampuni inayoitoa. Kampuni ya simu huona tu kwamba mteja anazungumza na seva hiyo, nayo tovuti huona anwani ya seva badala ya ile ya mteja. Swali linalofuata ni lilelile la imani: mwenye VPN sasa yuko pale ilipokuwa kampuni ya simu, na anaona yote iliyokuwa ikiyaona. Mwaka 2011 kampuni ya Uingereza iitwayo HideMyAss ilitii amri ya mahakama ikatoa kumbukumbu za mteja aliyehusishwa na kundi la wadukuzi la LulzSec na udukuzi wa Sony Pictures. Jina la kampuni halikumkinga. Onavo, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilijitangaza kuwa kinga huku ikimweleza tajiri wake ni programu zipi watu wanazitumia, na ilifungwa 2019 baada ya Apple kuikataa dukani mwake. Hola, VPN ya bure, ilibainika 2015 kuwa inauza mitandao ya wateja wake kwa wateja wengine, hivyo mtu wa mbali aliweza kufanya mambo yake kwa anwani ya mtu asiyemjua. Upande mwingine kuna Mullvad ya Sweden: polisi waliifikia ofisini Aprili 2023 wakiwa na hati ya upekuzi, wakaondoka bila taarifa za wateja kwa kuwa hazikuwa zikihifadhiwa. Huduma isiyotunza kumbukumbu, inayolipiwa na iliyokaguliwa na watu wa nje ndiyo inayostahili kufikiriwa. Ya bure kabisa lazima ilipiwe na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mtumiaji, kwa data zake.

Katika ukanda huu VPN ilienea kwa sababu za kisiasa na kimfuko kuliko za faragha. Uganda ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, Julai 2018, watu waliikimbilia VPN. Kodi hiyo ilifutwa 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Tanzania ilishuhudia jambo hilohilo wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, mitandao ya kijamii ilipobanwa. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa shughuli zao watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya mwisho wa mwezi huo, ikikumbusha kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni zina adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kwa hiyo kabla ya kupakua VPN, mtumiaji aliye Tanzania anapaswa kujua sheria inasemaje. VPN iliyosajiliwa hufunika yaliyomo, lakini haimfuniki mwenyewe. Na intaneti ikizimwa yote, kama Uganda Januari 2021 au Tanzania kuanzia siku ya kura, tarehe 29 Oktoba 2025, VPN haina barabara ya kupita.

Tor hulitatua tatizo la imani kwa kuigawa. Wazo lake lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani, mtandao ukafunguliwa kwa umma 2002, na tangu 2006 husimamiwa na shirika lisilo la faida. Ombi husimbwa mara tatu na kupitishwa kwenye seva tatu zinazoendeshwa na watu wa kujitolea. Ya kwanza inamjua mtumaji lakini haijui anakokwenda; ya mwisho inaijua tovuti lakini haimjui mtumaji; ya kati haijui lolote kati ya hayo. Kivinjari chake, Tor Browser, hujitahidi kuwafanya watumiaji wote wafanane, hata ukubwa wa dirisha hulazimishwa kuwa wa vipimo vichache. Gharama ni mwendo wa kinyonga, na tovuti nyingi humfungia mlango anayetoka huko. Seva ya mwisho pia huweza kusoma kisichosimbwa: mwaka 2007 Dan Egerstad wa Sweden aliendesha seva za namna hiyo akanasa manenosiri ya barua pepe za balozi kadhaa, kwa kuwa Tor haichukui nafasi ya usimbaji.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha chuo kikuu cha Harvard, Desemba 2013. Mwanafunzi aliyetaka mtihani uahirishwe alituma tishio la bomu kupitia Tor na barua pepe ya muda. Tor haikuvunjwa. Wachunguzi waliangalia tu kumbukumbu za waifai ya chuo kuona nani alikuwa akitumia Tor saa zile, wakakuta wachache, wakaenda kuwahoji, naye akakiri. Kutojulikana huhitaji umati. Mtumiaji pekee wa Tor katika mtaa mzima anaonekana kuliko jirani yake asiyejificha kabisa, ingawa hakuna ajuaye anachokisoma.

Maneno yanayomtaja mwenyewe

Agosti 2006 kampuni ya AOL iliwatolea watafiti maswali milioni 20 yaliyotafutwa na watumiaji wake wapatao 650,000. Majina yaliondolewa, kila mtu akapewa namba. Siku chache baadaye waandishi wa New York Times walibisha hodi kwa mwanamke mzee wa jimbo la Georgia, ambaye maswali yake kuhusu mji wake, watu wa ukoo wake na mbwa wake yalimtaja waziwazi. Hakuna aliyedukua chochote. Ross Ulbricht, mwendeshaji wa soko haramu la Silk Road lililofichwa ndani ya Tor, alikamatwa Oktoba 2013, na mojawapo ya nyuzi zilizomfikia ilikuwa anwani ya barua pepe yenye jina lake aliyokuwa ameiandika hadharani mwaka 2011. John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, akiwa mafichoni Desemba 2012, alipigwa picha na waandishi waliomfuata. Picha ikachapishwa ikiwa na vipimo vya GPS ndani yake, na ulimwengu ukajua yuko Guatemala.

Anayetaka jina la kupanga libaki la kupanga hulipatia barua pepe yake peke yake, kivinjari chake na namna yake ya kuandika, na haliingizi kamwe kwenye simu ambayo tayari ina orodha ya marafiki zake. Orodha hiyo ni mlango mwingine. Programu za mikopo ya haraka zilizovuma Kenya na Tanzania zilipata umaarufu mbaya kwa kuomba ruhusa ya kusoma namba zilizohifadhiwa, kisha kuwapigia ndugu na wakubwa wa kazi wa mdaiwa. Ruhusa hizo hukaguliwa na kufutwa katika mipangilio ya simu, na ni kazi ya dakika chache inayozuia mengi kuliko VPN ya bei ghali.

Sheria

Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na kuunda ofisi ya kamishna wake. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume yake. Zote humpa mtu haki ya kuuliza taarifa zake zinatunzwa na nani, kuzisahihisha, na kudai zifutwe katika mazingira fulani. Ofisi ya Kenya ilionyesha Septemba 2023 kwamba si ya mapambo: ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, kilabu kimoja cha starehe 1,850,000 kwa picha ya mteja, na mkopeshaji wa mtandaoni 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine. Malalamiko hupokelewa kutoka kwa raia wa kawaida, bila wakili. Hata hivyo sheria zote mbili zina vifungu vinavyosamehe shughuli za usalama wa taifa, na ombi la chombo cha dola kwa kampuni ya simu hufuata sheria nyingine.